Kesho Mwezi Mpya

Jumapili, 3 Mei

Uji wa shayiri, vidonge vinne, matone ya macho. Mzee amekataa kunyolewa. Eti wembe wangu unamkwaruza. Wembe ni wake.

Halafu mazoezi. Nikaweka simu mezani, nikafungua rekodi, Mzee Moris akafumba macho akaanza kuimba Hosea. Macho yenyewe hayamsaidii. Katikati ya kila kitu anaona doa jeusi, pembeni ndiyo anaona kidogo. Kwa hiyo anajifunza kwa masikio. Miezi mitatu sasa, mstari kwa mstari, hapa jikoni kwake Richfield ninakomtunza, ndege zikipita juu ya paa mpaka vikombe vinalia.

Niandike vizuri nisije nikajisahau. Jumamosi ya tarehe 16 Mzee atasimama kwenye sinagogi lao asome haftara. Kila Sabato wakimaliza kusoma Torati, mtu mmoja huitwa aimbe kipande cha manabii, kwa Kiebrania, kwa sauti yake maalum. Alisoma Hosea hii akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi huu anatimiza themanini na mitatu. Wao wana desturi: maisha ya mtu ni miaka sabini, ukivuka hapo unahesabu upya. Kwa hiyo sasa ana kumi na mitatu tena, na anasoma tena. Desturi nzuri. Sisi Wasabato tunazeeka tu.

Binti yake, Judi, anakuja kutoka Seattle kusikiliza. Si kusikiliza tu. Mwezi wa tatu Mzee alitoka nje na ndara kwenye theluji, dereva wa basi akamkuta hajui kwake ni wapi. Tangu hapo Judi ametafuta nafasi kwenye nyumba ya wazee Coon Rapids, ile ambayo milango inafunguliwa kwa namba. Ameniambia wazi. Baba akichanganyikiwa mbele ya watu, anahamishwa wiki hiyo hiyo. Akisoma vizuri, abaki kwake.

Mzee anajua. Ndiyo maana anaimba kutwa.

Jumatatu, 4 Mei

Mungu wangu. Mungu wangu.

Sinagogi wametuma ratiba ya mwezi kwa barua pepe. Barua zake nasoma mimi, kwa sababu ya macho. Tarehe 16: Moris, haftara, Samweli wa Kwanza sura ya ishirini. Nikacheka peke yangu. Nikasema hawa watu wamekosea, na makosa ya karatasi mimi siyavumilii, nimefundisha darasa la sita Kisii miaka tisa. Nikatoka nje, nikaingia kwenye gari langu, nikapiga simu niwasahihishe.

Akapokea Debora, gabai wao. Gabai ndiye anayepanga nani asome nini, na siku yenyewe husimama kando ya msomaji na kitabu, msomaji akikosea anamrekebisha hapo hapo kwa sauti. Nikamweleza, kwa ule upole wa mwalimu, kwamba wiki hiyo wanaanza kitabu cha Hesabu, na haftara ya Hesabu ni Hosea. Nimeangalia kwenye jedwali mwenyewe.

Akasema ndiyo, kwa kawaida ni Hosea. Lakini mwaka huu Jumapili ya tarehe 17 ni mwezi mpya kwa kalenda yao. Mwezi mpya ukiangukia Jumapili, haftara ya kawaida ya Sabato inawekwa kando. Wanasoma ile ya Daudi na Jonathani, kwa sababu inaanza na Jonathani akimwambia mwenzake kwamba kesho ni mwezi mpya. Akauliza, Mzee si anajua?

Nikasema ndiyo, anajua.

Kwa nini nimesema hivyo? Huu mdomo wangu jamani.

Aliyeangalia jedwali ni mimi. Mwezi wa pili, kwa simu yangu hii. Nikaona Hesabu, kando yake nikaona Hosea, nikamwambia, nikamtafutia rekodi. Mambo ya mwezi sikuyajua. Miezi mitatu nimemlisha mzee wa watu somo lisilo la siku yake. Zimebaki siku kumi na mbili.

Jumanne, 5 Mei

Sijamwambia.

Ameimba mara tatu. Akifika mwisho, pale Mungu anapowaposa watu wake upya kama mke, anashusha sauti. Anamfikiria mkewe, Selma, aliyefariki miaka sita iliyopita. Nikageukia sinki nikaosha sufuria iliyokuwa safi. 

Jumatano, 6 Mei

Judi amepiga. Anaendeleaje? Vizuri sana, nikasema. Atamaliza bila kukwama? Nikasema inshallah, halafu nikashangaa nimelitoa wapi hilo neno, mimi Mkisii wa kanisani.

Judi akacheka. Akaanza kunipa hadithi za babake. Kumbe Mzee alikuwa gabai miaka thelathini! Alitembea na kalenda ndogo kwenye mfuko wa shati. Mwezi mpya ukikaribia kuangukia Jumapili, alizipigia simu familia zenye vijana wanaojiandaa, akawaambia angalieni, haftara imebadilika, msije mkaaibika. Alikuwa hajakosa hata mara moja. Watu walimwita kwa utani waziri wa mwezi.

Nikaaga, nikakata simu.

Tangu Jumatatu nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi. Nilikuwa naogopa Judi, Debora, wakala wangu aliyenipa hii kazi. Sasa hofu imehama. Mimi sikujua, na asiyejua ana msamaha wake. Lakini yeye alijua kuliko sinagogi zima. Nilipomwambia Hosea, mwezi wa pili, aliitikia kwa kichwa tu. Akasema hiyo ndiyo yangu.

Kwa hiyo theluji ya mwezi wa tatu haikuwa bahati mbaya ya siku moja. Nimeliandika. Sasa siwezi kulifuta.

Ijumaa, 8 Mei

Leo ameimba Hosea yote. Bila rekodi, bila kukwama, bila kurudia. Alipomaliza akapiga meza kwa kiganja, akataka kunyolewa, na wembe haukumkwaruza. Akanikatia kipande kikubwa cha mkate wao wa Ijumaa, ule wa kusuka, akasema nile, nimekonda.

Nimelia chooni, bomba likiwa wazi asinisikie. Nikajiambia nikitoka hapa namwambia. Nikatoka. Nikamuuliza anataka supu gani.

Mwoga mkubwa mimi.

Sabato, 9 Mei

Kanisani, Brooklyn Center. Mchungaji alihubiri sijui nini. Mimi nilikuwa Samweli sura ya ishirini, kichwa chini.

Nilikuwa naijua tangu utoto, ila sikuwahi kuisoma kwa hofu. Daudi amejificha shambani kwa sababu mfalme anataka kumwua. Siku ya mwezi mpya watu wanaketi mezani, kiti chake kitupu. Siku ya pili bado kitupu. Mfalme anauliza huyu yuko wapi. Jonathani anamtetea rafiki yake kwa uongo, na mfalme anamrushia mkuki mwanawe wa kumzaa.

Nilitafuta faraja pale kwenye uongo wa Jonathani. Sikuipata. Nilichoona ni mkuki tu.

Tukitoka, Mama Brian, tunayeimba naye kwaya, akanishika mkono. Dada, uko sawa? Uso umeisha. Nikamwambia nafunga na kuomba. Uongo mwingine, na viatu vya kanisani bado miguuni.

Kesho namwambia. Kesho.

Jumapili, 10 Mei

Nimemwambia.

Baada ya uji. Nikavuta kiti nikakaa ubavuni kwake, upande ambao jicho lake linanishika. Nikasema yote bila kupumua. Jedwali, simu ya Debora, mwezi mpya, na kwamba nilidanganya. Nikainamisha kichwa nifokewe.

Hakunifokea. Akauliza Sabato hiyo ni tarehe ngapi. Nikamwambia. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea bila sauti, majina ya miezi yao. Akafika mwisho. Akahesabu tena kuanzia mwanzo. Nikauona uso wake ukibadilika. Niliwahi kufanya kazi wadi ya saratani, uso ule naujua.

“Kemunto,” akasema, “mimi ndiye niliyekuwa napiga simu.”

Basi.  Nilimshika mkono, ulikuwa baridi. Chakula hakugusa. Hakuimba. Ndege zilipita na kupita.

Nyumbani wanangu wamenipa kadi, leo ni siku ya akina mama huku. Nimesema ahsante mara nyingi mno, wakanitazama.

Jumatatu, 11 Mei

Hakutoka kitandani. Amegeukia ukuta. Anataka Debora aambiwe atafute mtu mwingine, Judi aambiwe ana mafua asije. Baadaye akabadilisha. Judi aje tu, nimpangie nguo kwenye sanduku, aende huko Coon Rapids wanakofunga milango, yameisha.

Nikapandwa na hasira. Nimemfokea mzee wa miaka themanini na mitatu, Mungu anisamehe. Nikamwambia jedwali niliangalia mimi, kosa ni langu, aninyang'anye kwa nini?

Akajibu akiwa bado ameangalia ukuta. Wewe hukujua. Mimi nilisahau.

 Nikaenda jikoni nikampigia Debora, nikamwambia wiki iliyopita nilimdanganya.   Akasema nafasi ni ya Mzee mpaka Ijumaa mchana. Na akaniambia kitu nilichokuwa sikijui. Hiyo ya mwezi mpya, Mzee ndiye aliyekuwa akiisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote pale. Kila aliyejiandaa vibaya akishtuka dakika ya mwisho, Mzee ndiye aliyepanda badala yake.

Nikarudi chumbani nikamwambia hivyo.  Alikuwa macho, niliona kope zikicheza.

Jumanne, 12 Mei

Leo nikimwogesha ameanza kuimba. Nikadhani Hosea. Si Hosea. Nikasikia Yehonatan, ndiye Jonathani. Nikasikia David. Nikasimama na taulo mkononi, sikuthubutu hata kufunga bomba.

Aliimba mpaka maji yakapoa. Akaruka sehemu, akarudi, akagombana na nafsi yake, akaendelea. Nikamvika shati. Akasema tafuta rekodi.

Ilifaa nifurahi. Nimeogopa zaidi. Jana hakukuwa na kitu cha kupoteza.

Jumatano, 13 Mei

Rekodi mezani, Biblia yangu ya Kiswahili mapajani. Kiebrania sijui hata herufi. Lakini hadithi naijua, na majina yanasikika. Shaul ikitajwa mara nyingi, tuko mezani kwa mfalme. Ikibaki Yehonatan peke yake, tuko shambani na mishale. Kufikia saa sita nilikuwa namfuata kwa kidole, mstari kwa mstari, nikijua yuko wapi.

Maneno yanamponyoka mahali pawili. Baada ya mkuki, na kwenye mishale. Asubuhi alivuka pote. Saa nane mchana aliniuliza inaanzaje. Inaanzaje! Nikabonyeza rekodi, akasikia neno la kwanza, akadaka, akaenda nayo mpaka mwisho bila kosa. Saa tisa akaniuliza tena.

Huu ndio ugonjwa wenyewe, nimeuona kwa wagonjwa wengine. Ya zamani yamekaa, ya leo hayakai.

Kabla sijaondoka akaniomba kitu. Judi asijue kwamba alisahau mwezi. Asijue kamwe. Nikasema sawa. Nimekubali haraka, na njia nzima ya kurudi Brooklyn Center nimejiuliza nimekubali nini.

Alhamisi, 14 Mei

Judi amefika. Mrefu, mpole, anachoka haraka. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alinikumbatia, akafungua friji, akahesabu vidonge, akaangalia kitasa cha mlango wa mbele, akaangalia viatu vya babake viko wapi.

Wakati wa kula Mzee alimwita Selma. Judi akacheka. Akamwita Selma tena, akamuuliza mbona hakumwamsha mtoto aende shule. Judi hakucheka. Mimi nikaangusha kijiko makusudi, nikaanza kukitafuta chini ya meza kwa kelele nyingi, na nilipoinuka Judi alikuwa ananitazama mimi, si babake.

Ijumaa, 15 Mei

Debora alipiga saa nne. Nikamwekea Mzee simu sikioni. Akasema nitasoma.

Ninaogopa.  Nilikuwa hivi siku ya mahojiano ya viza tu, na siku ile kilichokuwa hatarini ni changu mwenyewe.

Sabato, 16 Mei

Kanisani niliaga kwamba nina kazi ya huruma. Ni kweli, kwa mara moja.

Mlangoni kwa sinagogi mlinzi akakagua mkoba wangu, akakuta Biblia, akaitazama, akanirudishia. Ndani watu kama mia hivi. Mzee amevaa suti ya kijivu na shali yake ya maombi.  Kwenye gari aliniuliza mara mbili inaanzaje, mara mbili nikambonyezea rekodi.

Torati ikasomwa, muda mrefu. Halafu wakamwita kwa jina lake la Kiebrania. Nikamshika kiwiko tukapanda ngazi tatu. Rabi kulia, Debora kushoto na kitabu, mimi nyuma yake hatua moja, mkono wangu bado kwenye kiwiko.  Judi safu ya pili, mikono kaibana katikati ya magoti.

Akaimba baraka. Sauti ilikwaruza.  Mimi nikaanza kuomba kwa Ekegusii, lugha ambayo siitumii kuomba tangu nikiwa msichana.

Akaanza. Neno la kwanza, la pili, na sauti ikafunguka! Sijawahi kumsikia hivyo jikoni. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi yake. Daudi akajificha. Meza ikaandaliwa, kiti kikawa kitupu, mfalme akauliza, Jonathani akamtetea. Nikamfuata kichwani kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Mkuki ukarushwa.

Akaruka. Nilijua palepale, kwa sababu nilikuwa nasubiri Jonathani ainuke mezani kwa hasira bila kula, na badala yake kukawa asubuhi, yuko shambani tayari. Debora akasema neno moja kwa sauti, wazi, watu wote wakasikia. Ndiyo kazi yake, na Mzee ndiye aliyemfundisha. Judi akainamisha kichwa.

Mzee akasita. Nikahisi kiwiko kikikaza. Akarudi nyuma, akauchukua ule mstari alioruka, akauimba wote, akaendelea.

Kisha mishale. Hapo akakwama kabisa.  Mtu akakohoa. Nilimwona Debora akifungua mdomo, na mimi sijui ujasiri nimeutoa wapi, nikamtangulia. Nikamnong'oneza Mzee sikioni: amemtuma kijana akaokote mishale. Kwa Kiingereza cha kawaida, hadithi tu, neno lao hata moja sina.

Akavuta pumzi. Akaendelea. Mishale ikaokotwa, kijana akarudishwa mjini, marafiki wakalia, wakaachana. Akamaliza. Akaimba baraka za mwisho zote nne, na hapo hakutetereka hata kidogo.

Watu wakalipuka. Wakamrushia peremende, zile laini, wanavyowarushia vijana wa miaka kumi na mitatu. Moja ikanipata kwenye paji la uso. Mzee anacheka, mimi nalia, rabi anacheka. Judi akapanda zile ngazi akamkumbatia babake, kisha akanikumbatia mimi, akaniambia sikioni: anabaki. Jumatatu atawapigia Coon Rapids awaambie hatuitaki nafasi.

Tukala samaki na mkate. Mzee alizungukwa na watu. Mzee mwenzake mmoja akamwita waziri wa mwezi, akafurahi mpaka mashavu yakawa mekundu. Nilikula sahani mbili. Sikuwa nimekula vizuri tangu tarehe nne.

Judi akarudi na gari lake la kukodi, Mzee nikam-drive mimi. Kwenye barabara kuu, jua limejaa kioo, ameketi kimya ametulia, peremende mkononi. Akanigeukia.

“Kemunto, ni Sabato gani ile ninayosoma? Sidhani kama niko tayari.”

Nikaendelea kuangalia barabara. Nikasema tutaongea tukifika. Tulipofika alikuwa amelala.

Judi hajui. Anapika, anaimba jikoni. Nimeondoka bila kumwambia. Nimeandika haya nikiwa nimeegesha kwenye maegesho ya duka, kwa sababu nyumbani wanangu wataniuliza siku ilikuwaje.

Jumapili, 17 Mei

Nimefika mapema. Mzee bado amelala. Judi alikuwa ameandaa chai, na simu yake iko mezani.

Nikamwambia. Jedwali langu, uongo wangu kwa Debora, mwezi ambao babake aliusahau, ahadi niliyompa babake, na gari jana. Sikubakiza. Nilikuwa nimeshavua beji ya wakala nikaiweka mezani, endapo.

Hakuigusa.  Akaniuliza ningefanya nini kama angekuwa baba yangu. Nikamwambia baba yangu alifariki Kisii, mazishi nimeyaona kwa simu nikiwa kwenye maegesho ya hospitali, mapumziko ya nusu saa, kwa hiyo mimi si wa kuulizwa. Akalia. Nikalia pia, kwa nini nifiche.

Baadaye akajifuta, akasema Coon Rapids hapana, kwa sasa. Mwezi wa saba atahamia hapa yeye, kazi yake ni ya kompyuta, inafanyika popote. Mpaka hapo niandike kila anachosahau Mzee. Kila Ijumaa kabla jua halijazama nimtumie, na nisipunguze chochote ili kumfurahisha. Mbele ya mwaka huu hatujui. Nikasema sawa, na safari hii nilijua nimekubali nini.

Mzee akaingia, nywele zimesimama, anapapasa ukuta. Akaketi. Akauliza ni Sabato gani anasoma.

Judi akanitazama. Akamshika mkono, akasema umeshasoma, Baba. Ilikuwa jana.

 Mzee akalipokea polepole. Akauliza, nilisoma vizuri? Vizuri sana, Judi akasema. Makosa mangapi? Judi akasema hakuna, hata moja.

Mzee akageuza kichwa taratibu mpaka akanipata kwa pembe ya jicho.

Nikasema moja.

Akauliza wapi. Nikamwambia, pale baada ya mkuki.